Hesabu na Uwakili: Historia ya Kumfundisha Mtoto Mambo ya Fedha katika Rungwe

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni wito umesikika mara kwa mara kwamba watoto wafundishwe mambo ya fedha tangu wakiwa katika shule ya msingi. Benki Kuu ya Tanzania na wadau wake waliandaa mpango wa kitaifa wa elimu ya fedha kwa miaka ya 2016 hadi 2020, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umewaingiza wanafunzi wa kidato cha kwanza katika somo la biashara. Wengine hudhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa kuifuata historia ya wilaya ya Rungwe, kwamba mtoto hakukosa kamwe kufundishwa juu ya mali. Kila kizazi kilimfundisha sehemu moja. Sehemu iliyosahauliwa mara nyingi ni ile ambayo Maandiko huisisitiza kuliko zote, yaani kutoa hesabu.

Mali kabla ya sarafu

Kabla ya sarafu kufika, Wanyakyusa walikuwa na biashara yao. Majembe ya chuma waliyapata kwa Wakinga wa milima ya Livingstone, na vyungu kwa Wakisi wa pwani ya ziwa Nyasa, wakitoa chakula badala yake. Hata hivyo mali yenyewe ilikuwa ng'ombe, na darasa la mtoto wa kiume lilikuwa malishoni. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti katika wilaya hii kati ya miaka 1934 na 1938, wameeleza jinsi mvulana alivyochunga ng'ombe wa baba yake, na jinsi alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na moja alivyoondoka nyumbani kwa baba ili kujenga pamoja na wenzake wa rika moja kijiji chao wenyewe. Huko walijifunza ukwangala, yaani adabu ya kuishi na kula pamoja. Lakini mvulana huyo aliendelea kulima shamba la baba yake, na baba kwa upande wake alipaswa kumtolea mwanawe ng'ombe wa mahari wakati ulipowadia.

Hivyo mtoto alijifunza kwamba mali ni dhamana. Ng'ombe hakuwa wa mtu mmoja peke yake, kwa maana nyuma yake walikuwapo ndugu, wakwe na watoto ambao hawajazaliwa. Hata hivyo tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Binti, ambaye kwa ajili yake ng'ombe hao walihamishwa kutoka zizi hadi zizi, hakuwa na sauti katika shauri hilo. Na kijana hakuwa na ruhusa ya kumwuliza baba yake jinsi alivyowatumia ng'ombe wa ukoo. Dhamana ilikuwapo, bali hesabu ilitolewa kwa wakubwa tu.

Rupia, hela na darasa la misioni

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walianza kazi Rungwe, na katika mwaka huo huo Alexander Merensky na wenzake wa Misioni ya Berlin walijenga kituo chao cha kwanza, Wangemannshöhe. Manow ikafuata mwaka 1892. Shule zao zilifundisha kusoma, kuandika, kuhesabu na katekisimo, na lugha iliyotumika ilikuwa Kinyakyusa.

Miaka michache baadaye hesabu ile ya darasani ilipata kazi mpya. Kwa amri ya mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na kiwango cha nyumba ya shamba kilikuwa rupia 3. Ingawa mwanzoni iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi, shabaha ilikuwa kuwafanya watu waitafute fedha taslimu. Tukuyu, iliyoitwa wakati ule Neu Langenburg, ikawa mahali ambapo rupia ilikusanywa. Rupia hiyo iligawanyika katika pesa 64, lakini mwaka 1904 mgawanyo ulibadilishwa ukawa heller 100. Tunapotamka leo neno "hela" tunaitaja sarafu ile ya Kijerumani, wala wengi wetu hatufahamu hivyo. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walileta shilingi mwaka 1921, na mwaka 1966 tukapata shilingi yetu wenyewe. Mzee aliyezaliwa kabla ya mwaka 1900, akiishi miaka sabini, alilazimika kujifunza thamani ya fedha upya mara kadhaa.

Shule ya misioni basi ilimpa mtoto namba, na katekisimo ikampa amri. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther hakuishia kueleza amri ya saba kuwa ni kutoiba. Alieleza pia kwamba tumsaidie jirani alinde na kuongeza mali yake. Hapo palikuwa na mlango wa kuziunganisha namba na amri. Lakini hesabu ilikuwa na saa yake, na dini ilikuwa na saa yake.

Dhahabu, kahawa na vijana

Dhahabu ya Lupa, iliyogunduliwa mwaka 1922, iliwavuta vijana wengi wa Rungwe kwenda Chunya, na wengine wakaenda mbali zaidi, hata migodi ya Afrika Kusini na ya Zambia ya leo. Kijana aliyerudi na mshahara aliweza kununua ng'ombe wa mahari bila kumngojea baba. Mkataba wa kale kati ya jembe la mwana na zizi la baba ukalegea, na hapakuwapo shule iliyomfundisha kijana yule afanye nini na uhuru wake huo mpya. Kahawa nayo iliingiza fedha katika nyumba nyingi, na mwaka 1949 wakulima walianzisha chama kikuu chao cha ushirika. Vyama vikuu vya namna hiyo vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, kisha vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mtoto aliyebeba kahawa au majani ya chai hadi mzanini aliona kilo zikiandikwa. Jinsi makato yalivyopatikana, kwa kawaida hakuelezwa.

Shamba la shule

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa "Elimu ya Kujitegemea". Wengi wetu tunalikumbuka jembe la shuleni, lakini tumesahau yaliyoandikwa juu ya fedha. Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba lao. Alitoa mfano wa fedha walizopata kwa jasho lao: je, zitumike kukodi trekta au zitumike kwa jambo lingine? Kwa maneno mengine, aliwataka watoto wapange matumizi, waone matokeo ya uamuzi wao, na kama wamekosea wajue walipokosea.

Katika shule nyingi hapa nchini sehemu ya kwanza ilitekelezwa na ya pili ikaachwa. Watoto walilima, walipalilia na kuvuna, bali daftari la mapato lilikaa kabatini kwa wakubwa. Mahali pengine kulima kukawa adhabu ya mchelewaji. Basi mtoto alijifunza bila kuambiwa kwamba kazi ni ya wadogo na hesabu ni ya wakubwa. Hilo nalo ni somo la fedha, na ni somo baya.

Gharama ya upungufu huo

Waliofundishwa hivyo ndio wazazi na waumini wa leo. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mpango wa upatu ulioitwa DECI, ambao uliwaahidi watu faida kubwa kwa muda mfupi kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu. Waanzilishi wake walikuwamo wachungaji, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Maelfu waliotoa fedha zao walijua kujumlisha na kutoa, na wengi walikuwa watu wa ibada. Hawakuzoea kuuliza faida hiyo inatoka wapi na nani anaikagua. Tena walioisikia lugha ya Biblia waliona kuuliza ni kukosa imani. Siku hizi mikopo inayoitwa "kausha damu" inawapata watu walewale, ijapokuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018. Mtoto wa Tukuyu anayetumwa leo kwa wakala wa simu ameshika fedha ambayo hata haionekani.

Hitimisho

Lugha yetu imetupa msaada mkubwa, kwa maana neno "hesabu" lina maana mbili: namba anazojifunza mtoto, na maelezo ambayo wakili humpa bwana wake (Luka 16:1-2). Mila ilimpa mtoto dhamana, misioni ikampa namba, Elimu ya Kujitegemea ikampa kazi. Tuliobaki nalo ni kuviunganisha vitatu hivi kwa njia ya hesabu iliyo wazi.

Wala sisi Walutheri hatuna haki ya kusema jambo hili si letu. Mwaka 1523 Luther aliandika utangulizi wa kanuni za hazina ya pamoja ya usharika wa Leisnig. Sanduku lile lilikuwa na kufuli nne zenye funguo mbalimbali zilizoshikwa na watu wa tabaka mbalimbali, na wasimamizi walipaswa kutoa hesabu mbele ya mkutano. Kati ya matumizi ya sanduku hilo ilikuwamo shule.

Tunapendekeza basi jambo dogo, linalowezekana katika kila usharika na kila shule iliyo chini ya Kanisa. Sadaka ya shule ya Jumapili ihesabiwe na watoto wenyewe, iandikwe na mmoja wao katika daftari, na watoto washauriane sehemu yake itumike kwa nini. Fedha za bustani ya shule nazo zisomwe mbele ya darasa lililoilima. Lakini jambo hili lina sharti gumu kwetu sisi wachungaji. Mtoto aliyezoea kulisoma daftari la bustani atataka siku moja kulisoma la usharika, nasi tutapaswa kuwa tayari kumfungulia.