Mstari Unaopanda Mguuni

(Muziki wa kufungulia. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunasimulia historia, na inaanzia mguuni mwako.

Umejikata na jembe. Kidonda ni kidogo, ukakiacha. Kesho yake mstari mwekundu unapanda kuelekea pajani. Kama ngozi yako ni nyeusi sana huenda usiuone, lakini utasikia joto na maumivu. Mtoki unavimba kinenani, homa inakutetemesha. Hujarogwa. Bakteria wameingia katika mishipa ya limfu, vijia vyembamba vinavyorudisha maji ya mwili kwenye damu. Wakifika kwenye damu yenyewe, wanaweza kukuua.

Zamani hata mabingwa walishindwa. Mwaka 1935, huko Ujerumani, mtoto wa miaka 6 aitwaye Hildegard alichomwa na sindano ya kushonea mkononi. Madaktari walimpasua mara nyingi kutoa usaha, mwisho wakataka kuukata mkono. Baba yake, Gerhard Domagk, alikuwa mtafiti. Mwaka 1932 alikuwa ameona kwamba Prontosil, dawa iliyotokana na rangi, iliwaponya panya walioambukizwa. Akampa binti yake. Akapona, na mkono ukabaki. Mwaka 1939 Domagk alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Miaka ya 1940 ikaja penisilini.

Fikiri, msikilizaji. Binti wa mtafiti mkubwa aliponea chupuchupu. Wewe leo unaweza kupata dawa yenye nguvu zaidi kwenye kituo cha afya. Ukiwahi, wengi hupona kwa siku chache. Maliza dozi yote hata kama homa imeshuka. Usichanje mguu, usiufunge kamba. Ukichelewa, usaha hujikusanya au sumu huenea mwilini.

Kuna hatari nyingine ya polepole. Ugonjwa ukirudi mara kwa mara, vijia huharibika, maji hukosa njia, na mguu hubaki umevimba. Hayo ndiyo matende. Hapa West Nile pia kuna minyoo inayosambazwa na mbu, nayo huharibu vijia hivyo hivyo. Ndiyo maana Uganda, mwaka 2002, ilianza kugawa ivermectin na albendazole katika wilaya zenye ugonjwa huo. VHT akikuletea, meza. Mama mjamzito na mgonjwa mahututi wamwambie kwanza.

Na wewe ambaye mguu umeshavimba, usijifiche nyumbani. Uoshe kila siku kwa maji na sabuni, kausha katikati ya vidole, uinue unapokaa, vaa viatu. Uvimbe huenda usiishe wote, lakini homa zitapungua, na utarudi shambani na sokoni.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, tazama miguu ya watoto. Ukiona kidonda, kioshe. Ukiona mstari unapanda, usingoje asubuhi mbili. Nenda.

(Muziki wa kufungia.)