Bata mkia-mshale

Bata mkia-mshale (Anas acuta) ni ndege wa majini wa familia ya Anatidae, aliyepewa jina la kisayansi na Carl Linnaeus mwaka 1758. Huzaliana kaskazini mwa Ulaya, Asia na Amerika, hadi kwenye tundra ya Aktiki. Baadhi yao huja Afrika msimu wa baridi, wakafika hadi kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini.

Umbo

Dume ana urefu wa sm 59 hadi 76, na sm 10 hivi ni manyoya meusi ya katikati ya mkia, yaliyochongoka. Kichwa ni cha rangi ya buni iliyokaangwa. Mstari mweupe hupanda kutoka kifuani, hufuata ubavu wa shingo na kuishia kisogoni kwa ncha nyembamba. Mbavu huonekana za kijivu kwa mbali. Kwa karibu ni vistari vyembamba vyeusi na vyeupe vilivyobanana. Jike ni mdogo zaidi, wa kahawia yenye madoa, na hutambulika kwa shingo yake ndefu. Baada ya kuzaliana, dume hunyonyoka na kufanana na jike kwa miezi kadhaa.

Chakula

Hula jioni na usiku zaidi, kichwa kikiwa majini na mkia juu, akichokoa tope la chini. Shingo yake humfikisha sm 30 hivi, basi. Msimu wa kuzaliana hula wadudu, konokono na wanyama wengine wadogo wa majini. Akiwa Afrika hutegemea mbegu na mizizi, pamoja na punje za mpunga mwitu.

Makazi

Ulaji huo ndio unaomsafirisha. Mabata bahari wa Aktiki huzamia chakula kilindini, hivyo humudu kubaki kwenye bahari baridi. Bata mkia-mshale hana uwezo huo: maji ya kina kifupi yakiganda, sahani yake imefunikwa, hivyo huhamia kusini, baadhi hadi Sudd. Kwa wakazi wa Juba, makazi hayo yako kaskazini, unakoelekea mto Bahr el Jebel. Huko mto hufurika na kutandaa, kisha kiangazi maji hupungua na kuacha madimbwi kwenye toich, mbuga zilezile ambako wafugaji hulisha ng'ombe wao.

Hifadhi

Spishi hii haimo katika hatari ya kutoweka duniani. Sudd ilitangazwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Mfereji wa Jonglei, ulioanza kuchimbwa mwaka 1978 na kukatizwa na vita, ulikusudiwa kupitisha sehemu ya maji kando ya kinamasi kwa umbali wa km 360, na hivyo ungepunguza mafuriko yake. Kwa ndege mwenye shingo ya sm 30, kulinda mafuriko ya kila mwaka na kupungua kwake ni kumlinda yeye mwenyewe, na malisho ya ng'ombe pia.