Lenzi, Umbali na Kumbukumbu: Uchaguzi wa Vifaa vya Kupigia Picha katika Historia ya Kikwajuni, Unguja

1. Utangulizi

Historia ya upigaji picha Unguja imezoeleka kuelezwa kwa majina ya wapigapicha na studio zao. Insha hii inaitazama historia hiyo kwa upande wa kifaa, hususan lenzi. Hoja kuu ni kwamba lenzi huamua mpigapicha asimame wapi, na mahali anaposimama huamua nani na kitu gani kitaingia katika kumbukumbu ya mji. Kikwajuni, mtaa wa Ng'ambo ulio nje ya Mji Mkongwe, unalidhihirisha jambo hilo.

2. Studio za Mji Mkongwe

Kabla ya karne ya 19 kumalizika, Unguja ilikwisha kuwa na studio za biashara, mojawapo ikiwa ya A. C. Gomes. Kamera za wakati huo zilitumia mabamba ya kioo, zilikuwa nzito na zilihitaji kusimikwa juu ya miguu mitatu. Vifaa vya aina hiyo vilifaa zaidi mahali penye uwazi. Ufukwe wa Forodhani ulikuwa na uwazi huo: aliyesimama gatini au melini aliweza kuipata Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, kwa ukamilifu wake. Ndiyo maana sura ya mji iliyosambazwa kwa kadi za posta ni, kwa kiasi kikubwa, sura ya mji unaotazamwa kutoka baharini. Ng'ambo, iliyotengwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari, ilikuwa nyuma ya mgongo wa majumba hayo.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi katika studio ya Gomes, alifungua Capital Art Studio. Ndani ya studio uhusiano ulikuwa tofauti, kwa kuwa mteja alijichagulia vazi na mkao. Lenzi ya sura, ambayo kwa kawaida ni ndefu kuliko ya kawaida, humwezesha mpigapicha kurudi nyuma kidogo ili pua na paji la uso visikuzwe kupita kiasi. Kwa njia hiyo mkazi wa Ng'ambo aliyeingia studio aliingia pia katika kumbukumbu kwa hiari yake. Hata hivyo, nyumba yake na mtaa wake vilibaki nje ya pazia.

3. Kikwajuni baada ya 1964

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Ujerumani Mashariki ilisaidia ujenzi wa nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani. Ng'ambo ikapata majengo marefu ya mstari ulionyooka, tofauti kabisa na nyumba za udongo na makuti. Nchi hiyohiyo ilikuwa na kiwanda cha kamera za Praktica mjini Dresden na kiwanda cha lenzi cha Carl Zeiss mjini Jena. Lenzi nyingi za mkondo huo zilifungwa kwa parafujo yenye kipenyo cha milimita 42.

Kipimo hicho kina umuhimu hadi leo. Katika kamera za DSLR, ambazo mpigapicha hutazama kwa kupitia lenzi ileile inayopiga picha, lenzi hizo huweza kufungwa kwenye Canon kwa pete nyembamba ya kuunganishia. Kwenye Nikon, umbali kati ya lenzi na kihisi ni mkubwa zaidi. Pete isiyo na kioo humnyima mpigapicha uwezo wa kulenga vitu vya mbali. Kwa hiyo, anayerithi lenzi ya zamani hana budi kuchunguza kwanza mdomo wa kamera yake.

4. Kuchagua katika zama za kidijitali

Ghorofa za Kikwajuni zinampa mpigapicha mtihani wa umbali. Kwa kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 22 hivi, lenzi ya milimita 50 hulazimu kurudi nyuma takriban mita 90 ili jengo la mita 40 lienee. Lenzi ya milimita 18 huhitaji takriban mita 32 tu. Lakini lenzi pana ikiinuliwa juu, kuta huonekana kuinamiana. Nikon ilitoa mwaka 1962 lenzi ya milimita 35 inayosogezwa pembeni ili kulizuia tatizo hilo. Asiye na lenzi ya namna hiyo anaweza kupiga picha akiwa ghorofa ya pili ya jengo linalokabili, kamera ikiwa imenyooka.

Vifaa vya ziada navyo hupimwa kwa mazingira. Stendi thabiti huwezesha picha ya magharibi bila flashi, na kofia ya lenzi hupunguza mng'ao wa kuta nyeupe. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi. Hivyo vifuko vya kunyonya unyevu vina manufaa kuliko lenzi ya tatu isiyotumika.

Suala la heshima haliwezi kutengwa na suala la ufundi. Lenzi ya milimita 300 huchukua sura ya mtu aliye barazani bila yeye kujua. Lenzi ya milimita 35 humlazimisha mpigapicha kusogea, kupiga hodi na kuomba ruhusa. Katika mtaa unaothamini stara, uchaguzi huo humrudishia mkazi hiari aliyokuwa nayo mteja wa studio, safari hii akiwa mlangoni kwake.

5. Hitimisho

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 25, 2020, picha nyingi za jengo hilo zilikuwapo tayari. Nyumba za Kikwajuni zilizo nje ya mipaka hiyo hazina hazina ya picha ya kiwango hicho, ilhali madirisha, ngazi na baraza zake hubadilika kila zinapokarabatiwa. Lenzi pana ya wastani, stendi na ruhusa ya wenyeji vinatosha kuanzisha kumbukumbu hiyo. Utafiti wa picha za Unguja, kwa upande wake, unapaswa kuuliza pamoja na jina la mpigapicha: alisimama wapi, na lenzi yake ilimruhusu kukaribia kiasi gani?