Tufani ya 1872

Unguja iko takriban nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na huku vimbunga ni nadra mno. Kilichopiga tarehe 15 Aprili 1872, katikati ya masika, kiliwakuta watu hawajajiandaa. Bandarini, hapa mbele yako, majahazi yalivunjikavunjika, pamoja na meli za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa ametawala tangu 1870. Meli yake maarufu, Glasgow, iliundwa 1878 kuziba pengo hilo.

Lakini msiba mkubwa ulikuwa mashambani. Mikarafuu na minazi mingi ya Unguja iling'olewa, na mkarafuu si mti wa kupanda leo ukavuna kesho: huchukua miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa. Kazi nzito ya kupanda upya iliwaangukia watumwa, ambao simulizi nyingi za tufani hii huwaacha nje, na si haki.

Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ilipopanda, wenye mashamba waliigeukia, na hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba.