Pumziko la Nani? Historia Fupi ya Likizo Katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Amri ya siku ya mapumziko, kama isomwavyo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, haimtaji bwana wa nyumba peke yake. Inawataja pia mtumwa na mjakazi. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alikiri vivyo hivyo kwamba siku hiyo ni kwa ajili ya mwili pia, ili watumishi waliofanya kazi juma zima wapate kuburudika. Makala hii yachunguza jinsi haki hiyo ilivyogawanywa Dar es Salaam, hasa Kinondoni na Temeke.

Chini ya utawala wa Waingereza, likizo ilikuwa na maana ya kurudi kwao. Ofisa Mzungu alisafirishwa hadi Ulaya kwa gharama ya serikali. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpitaji tu mjini, ambaye kwao ni kijijini. Kibarua wa bandarini, aliyelipwa kwa kutwa, hakuwa na likizo yo yote.

Baada ya Uhuru fikra hiyo haikutoweka. Mtumishi wa umma hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, yeye na familia yake, ili aende kwao. Huo ni msaada wa kweli. Lakini wengi waliozaliwa Manzese au Tandika hawana kwao kwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hata hivyo, aliyetumika chini ya miezi 6 kwa kawaida haipati, na mama lishe au machinga hana mwajiri wa kumdai.

Utalii nao ulipangwa kwa ajili ya mgeni. Hoteli za Kunduchi na Bahari Beach, katika pwani ya Kinondoni, zilikusudiwa kuleta fedha za kigeni. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu walianzisha mjadala mkali magazetini kuhusu utalii na ujamaa. Lakini mjadala huo nao ulimhusu kwa sehemu kubwa mtalii wa nje, wala si mapumziko ya mfanyakazi. Ufaransa, mwaka 1936, ilikuwa imetoa wiki mbili za likizo yenye malipo, pamoja na punguzo la asilimia 40 katika tiketi ya treni. Kwetu muda na nauli havikuunganishwa hivyo kwa watu wote.

Kilichobaki kwa wengi ni ufuko usio na kiingilio. Sikukuu za Pasaka na Idi, umati hufurika Coco Beach, na wengine huvuka kwenda Kigamboni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka baharini ili kuhifadhi pwani. Kwa hiyo, kila uzio unaojengwa ufukoni wapunguza likizo ya maskini, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Kanisa lina sababu ya kulisemea jambo hili. Lakini mchungaji atakayelisema na aanze kwa kuhesabu siku za likizo alizompa msichana wa kazi wa nyumbani mwake.