Santuri Iliyokuwa Daftari: Habari za Nyimbo za Cole Porter

Wasikilizaji wetu, wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii husemwa sana dukani, lakini leo nataka kuitumia katika jambo la nyimbo. Wimbo nao ni mali, na aliyeutunga ametoa jasho kama mkulima. Lakini wimbo hauwekwi ghalani wala haufungiwi sandukuni. Ukisha kuimbwa umekwisha, ila akiwapo mtu wa kuukamata. Nitawaeleza habari za mtunzi mmoja wa Marekani, jina lake Cole Porter, jinsi nyimbo zake zilivyotawanyika, na jinsi mwanamke mmoja mweusi, Ella Fitzgerald, alivyozikusanya kwa sauti yake mwaka wa 1956.

Kwanza hapana budi tujue nyimbo hizo zilikuwa za namna gani. Katika mji wa New York iko njia kuu iitwayo Broadway, na karibu yake zimejengwa nyumba nyingi za michezo. Watu hulipa, hukaa vitini, na mbele yao wachezaji huonyesha kisa: mara husema, mara hucheza ngoma, mara huimba. Kila wimbo umetungwa kwa ajili ya mchezaji fulani na mahali fulani katika kisa. Mchezo ukipendeza huonyeshwa usiku baada ya usiku; watazamaji wakipungua, hufungwa. Mchezo wa Porter uitwao Anything Goes, wa mwaka wa 1934, ulionyeshwa mara 420. Ule wa Jubilee, wa mwaka uliofuata, mara 169 tu. Mchezo ukisha kufungwa, mapambo ya jukwaa huvunjwa, wachezaji huenda zao, na nyimbo hubaki katika karatasi za noti. Hata desturi ya kutia nyimbo zote za mchezo katika santuri, zikiimbwa na wachezaji wenyewe, haikuenea Marekani mpaka mchezo wa Oklahoma! ulipofanyiwa hivyo mwaka wa 1943.

Cole Porter alizaliwa tarehe 9 Juni 1891 katika mji mdogo wa Peru, jimbo la Indiana. Babu yake mzaa mama alikuwa tajiri sana, akataka mjukuu awe mwanasheria. Kijana akaingia chuo cha sheria cha Harvard, lakini moyo wake ulikuwa katika kinanda, akayaacha mambo ya sheria akajifunza muziki. Mchezo wake wa kwanza Broadway, mwaka wa 1916, haukufaulu. Hakukata tamaa, na kati ya mwaka wa 1928 na 1955 akawa mmoja wa watunzi wakubwa wa nchi ile. Watunzi wengi wa Broadway walifanya kazi wawili wawili, mmoja akitunga maneno na mwenziwe lahani. Porter alitunga yote mawili peke yake, kama malenga wetu wajuao shairi na sauti yake. Vina vyake vilikuwa vya ajabu, na maneno yake yalikuwa na mzaha wenye akili ndani yake.

Mwaka wa 1937 msiba ulimpata. Alikuwa amepanda farasi, farasi akaanguka juu yake na kumvunja miguu yote miwili. Tangu siku ile hakuachana na maumivu wala na madaktari. Hata hivyo aliendelea kutunga, na mwaka wa 1948 akatoa mchezo wake mkubwa kuliko yote, Kiss Me, Kate, uliojengwa juu ya mchezo mmoja wa Shakespeare. Ulionyeshwa mara 1,077.

Je, nyimbo za mtu huyu zilifikaje kwa watu wasioweza kwenda New York? Zilifika kwa vipande. Santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Basi wenye bendi walikata. Nyimbo nyingi za michezo zina utangulizi, yaani beti za kwanza zielezazo ni nani asemaye na kwa sababu gani, kisha ndipo lifuatapo lile fungu ambalo watu hulishika. Wapigaji wengi waliutupa utangulizi; wengine waliyatupa maneno yote wakapiga lahani tupu. Katika ule mchezo wa Jubilee ulikuwamo wimbo uitwao Begin the Beguine. Mchezo ulipofungwa wimbo haukuvuma sana. Mwaka wa 1938 Artie Shaw akaupiga na bendi yake bila kuimbwa hata neno moja, ukaenea nchi nzima. Hivyo mtunzi aliyejua kupima maneno kama sonara apimavyo dhahabu alisifiwa kwa wimbo uliovuliwa maneno yake.

Tena uko wimbo mwingine uliopatwa na mambo makubwa zaidi. Mwaka wa 1930, katika mchezo wa The New Yorkers, Porter alitia wimbo wa mwanamke maskini auzaye mapenzi njiani, uitwao Love for Sale. Uliimbwa na mwanamke mweupe, na watu wakanung'unika kwamba ni aibu. Wenye mchezo hawakuuondoa wimbo. Waliigeuza sura ya mahali, wakasema kwamba kisa kinatokea Harlem, mtaa wa watu weusi, wakampa Elisabeth Welch, mwimbaji mweusi, auimbe. Ndipo manung'uniko yalipopoa. Fikirini maana yake: lililokuwa aibu katika kinywa cha mwanamke mweupe halikuhesabiwa kuwa aibu katika kinywa cha mweusi. Nayo maneno ya wimbo huo yalikatazwa katika redio kwa miaka mingi.

Sasa tumtazame Ella Fitzgerald. Alizaliwa mwaka wa 1917 katika mji wa Newport News, jimbo la Virginia, akakulia Yonkers karibu na New York. Mama yake alifariki yeye akiwa kijana, akaona taabu nyingi. Mwezi wa Novemba 1934, akiwa na miaka 17, alipanda jukwaa la Apollo huko Harlem katika mashindano ya wasiojulikana. Alikuwa amekusudia kucheza ngoma. Dakika ya mwisho akageuza nia akaimba, naye akashinda. Baadaye akaingia katika bendi ya Chick Webb, na mwaka wa 1938 sauti yake ikajulikana Marekani nzima. Lakini kwa miaka mingi kampuni ya santuri ilimpa nyimbo za kila namna, nzuri na hafifu, mradi ziuzwe.

Mtu aliyeyabadili hayo aliitwa Norman Granz, mweupe, mwenye kupanga safari za wanamuziki wa jazi. Granz alikuwa na sharti moja: wapigaji wake hawapigi mahali ambapo watu weupe na weusi hutengwa vitini. Tarehe 7 Oktoba 1955 walifika Houston, Texas, mahali ambapo kutengana ndiko kulikokuwa desturi. Granz aliuza tikiti bila kubagua. Usiku ule askari waliingia katika chumba cha wanamuziki, wakawakuta baadhi yao wakicheza dado, wakawakamata kwa kosa la kamari, pamoja na Ella, ambaye hakuwa akicheza. Walipelekwa kituoni, wakatoa dhamana, wakarudi kuimba. Baadaye mashtaka yakafutwa. Lakini kila mtu alielewa kwamba kosa lao halikuwa dado.

Miezi minne tu baada ya usiku ule, Februari 1956, Ella alisimama mbele ya chombo cha kunasia sauti huko Hollywood. Granz alikuwa ameanzisha kampuni mpya, Verve, naye akataka santuri zake za kwanza ziwe kitabu kizima cha nyimbo za mtunzi mmoja: Cole Porter. Kazi ya kupanga vyombo alipewa kijana wa miaka 25, Buddy Bregman. Ilikwisha mwezi wa Machi, na nyimbo zilizonaswa zilikuwa 32.

Jambo hili liliwezekana kwa sababu ya santuri mpya zilizotoka mwaka wa 1948, zilizozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mifuo yake ilikuwa myembamba, hata upande mmoja uliweza kuchukua dakika ishirini na zaidi. Nyimbo 32, wimbo mmoja kila upande, zingalihitaji santuri 16 za zamani. Sasa zilienea katika santuri mbili. Wala Ella hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mwaka wa 1939 mwimbaji Lee Wiley alitoa santuri nne zenye nyimbo nane za George Gershwin, na Ella mwenyewe aliimba nane za mtunzi huyo huyo mwaka wa 1950. Lakini hapakuwa bado na mkusanyo mkubwa wa namna hii uliowafikia watu wengi hivi.

Alifanya nini Ella? Alitamka. Kila neno lilisikika wazi, kila kina kikaanguka mahali pake. Katika nyimbo kadhaa alirudisha utangulizi uliokuwa umetupwa. Begin the Beguine ikapata maneno yake tena. From This Moment On, wimbo uliotolewa katika mchezo mwaka wa 1950 kabla haujafika New York, ukapata mahali pa kukaa pamoja na ndugu zake. Na Love for Sale akauimba kwa utulivu, bila mzaha na bila kuomba radhi, hata msikilizaji akamhurumia yule mwanamke badala ya kumcheka.

Kweli, daftari halihifadhi kila kitu. Asikiaye santuri hamwoni mchezaji, wala hajui wimbo ulijibu neno gani katika kisa. Wimbo wa You're the Top, wa mwaka wa 1934, umejaa majina ya watu na vitu vilivyovuma siku zile. Asiyevijua hupitwa na nusu ya mzaha. Aliyetoa lulu katika chaza amepata lulu, lakini chaza amekufa. Ila lau lulu isingalitolewa, tusingaliijua hata lulu.

Santuri zile zilinunuliwa kwa wingi, na mtunzi mwenyewe alikuwa hai kuliona jambo hilo. Mwaka wa 1958 alikatwa mguu wa kulia, asitunge tena, akafariki mwaka wa 1964. Ella akaendelea na watunzi wengine, akiwamo Duke Ellington, mtunzi mweusi, aliyewekwa katika safu moja na wale wa Broadway. Hata kufikia mwaka wa 1964 vitabu vyake vya nyimbo vilikuwa vinane. Alifariki mwaka wa 1996. Mwaka wa 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliutia mkusanyo wa nyimbo za Porter katika orodha ya sauti zipasazo kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Basi angalieni jambo hili. Mjukuu wa tajiri alitunga; binti wa maskini, ambaye askari wa nchi yake walimkamata bure kwa kuwa aliimba mbele ya watu waliokaa pamoja, ndiye aliyetunza. Naye hakuzichukua zikawa zake: jina la mtunzi liliandikwa juu ya ganda la santuri pamoja na lake. Hiyo ndiyo heshima ya kazi ya mtu. Nasi tunao watungaji vijijini, ambao nyimbo zao huimbwa arusini na mavunoni, na watoto hawajui ni za nani. Mwenye kalamu na aandike maneno, tangu utangulizi hata mwisho, na juu yake aandike jina la aliyetunga. Karatasi moja yatosha kuanzia daftari.