Wakuyakuya: Neno, Uraia na Uaminifu Katika Katanga

Katika Kiswahili cha Katanga kitenzi cha kuja ni *kuya*, na kutokana nacho lilipatikana jina *wakuyakuya*, yaani watu waliokuja tu. Mtafiti anayeuliza ni nani aliyehesabiwa kuwa mwaminifu wa kukabidhiwa kazi nyeti katika nchi ile, hana budi kulitazama jina hili kabla ya kufungua vitabu vya sheria.

Tuanzie Koni, karibu na Likasi. Hapo mto Lufira, ukiisha kuiacha Mwadingusha, huendesha mitambo ya umeme iliyojengwa na Union Minière kwa ajili ya shaba. Migodi na mitambo vilihitaji mikono mingi, na reli ilipounganishwa na bandari ya Ilebo mwaka 1928, njia ya kutoka Kasai ilikuwa wazi. Watoto wa wale walioletwa walisoma, wakawa makarani, mafundi na wasimamizi. Hawakuwa na pasipoti ya pili wala jamaa ng'ambo. Hata hivyo, mwaka 1992 maelfu yao walifukuzwa makwao mjini Likasi, wakiitwa *bilulu*, wadudu. Nasaba ilitosha kuwaondolea imani.

Sheria yenyewe haikutulia. Ile ya mwaka 1972 iliwapa uraia wahamiaji wengi wa Ruanda-Urundi. Ya mwaka 1981 ikaufuta, ikidai mababu waliokuwamo nchini mwaka 1885. Ile ya mwaka 2004 ilisogeza kipimo hadi uhuru wa mwaka 1960, na Katiba ya mwaka 2006 ikathibitisha kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine, na kwamba rais sharti awe Mkongo wa asili. Mwaka 2007 ilipodhihirika kuwa wakubwa kadhaa walikuwa na uraia wa nchi mbili, Bunge liliwapa muhula. Ukali wa sheria, basi, ulitegemea ni nani aliyesimama mbele yake.

Mfano ulio wazi ni wa Moïse Katumbi, mzaliwa wa Kashobwe, ambaye baba yake alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes. Alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015. Ni baada ya kugeuka mpinzani ndipo uraia wa Italia uliotajwa juu yake ukawa hoja kubwa, na mwezi Agosti 2018 akazuiwa kuingia nchini kupitia Kasumbalesa. Mwaka 2021 uliletwa mswada wa kuwatengea waliozaliwa na wazazi wawili Wakongo urais na vyeo vingine vikuu vya dola. Haukupita, na mwaka 2023 Mahakama ya Katiba iliridhia Katumbi agombee.

Mtoto wa Likasi mwenye baba na mama wa Kasai angekivuka kipimo cha mswada ule bila taabu. Mwaka 1992 watu wa namna yake walilala kituoni wakingoja treni.